Mawe Arobaini

Jumatano, 6 Februari 2002

Mama Marguerite wa kituo cha tiba amenipa daftari hili na sheria moja: mistari mitano kwa siku, kisha nifunge. Kifaransa nikiache kwanza, kwa kuwa nakipima kila neno kabla ya kuliandika na kichwa kinachoka. Niandike kwa lugha ninayoombea chumvi mezani. Hicho ni Kiswahili: mama amekulia Buyenzi, mtaa wa Waswahili hapa jijini Buja, na cha vitabuni nilikipata Kigoma, miaka minne tuliyokuwa wakimbizi. Naitwa Elvire, nina miaka ishirini na mmoja, ni mchezeshaji wa timu ya mpira wa kikapu. Mistari imekwisha.

Alhamisi, 7 Februari

Tarehe 19 Januari nilirukia mpira uliokuwa unatoka nje, nikaangukia kisogo kwenye saruji. Nikasimama nikasema "Ntaco," si kitu, kama tulivyofundishwa tangu utotoni, nikacheza dakika kumi na moja ambazo sizikumbuki hata moja. Chanelle, mwenzangu wa timu, anasema nilitoa pasi mbili nzuri sana, moja kwake na moja kwa mwamuzi.

Ijumaa, 8 Februari

Kichwa.

Jumapili, 10 Februari

Mvua tangu asubuhi. Nilijaribu kusoma sheria ya mikataba. Herufi zilitulia, mimi ndiye niliyekuwa nasogea.

Jumatano, 13 Februari

Kituo kiko Rohero, nyuma ya parokia. Nilidhani nitakuta mashine. Chumba cha Mama Marguerite kina jiko la mkaa, kitanda cha kutandika, meza, viatu vyenye kamba, shati lililopigiliwa ubaoni ili watu wafunge vifungo. Yeye ni Mkongo wa Bukavu, mikono mikubwa, sauti ndogo. Wagonjwa wake wengi wamekanyaga mabomu ya ardhini au wamepigwa risasi. Sisi wanamichezo wa vichwa tuna Jumatano tu, na niliona haya kukaa na kichwa kizima machoni mbele ya mwalimu Honoré, ambaye hana mkono wa kulia.

Alinitazama akacheka. "Mademoiselle, nikopeshe mukono, mi nitakukopesha kichwa."

Mama Marguerite hakuniuliza kama naumwa. Nilimwuliza kwa nini. "Binti, hapa Buja nikiuliza mutu kama anaumwa, ananiambia ntaco. Hata mwenye muguu haupo! Nimechoka kuuliza midomo. Sasa ninauliza mikono."

Akaniwekea ungo wa maharage. Ndani yake, alisema, alikuwa ametia mawe arobaini aliyookota mtoni Kanyosha, ya rangi ya maharage yenyewe. Dakika ishirini, redio ikiwa wazi, watu wakipita. Mimi niliyepata alama za juu darasani kwangu nilitoa mawe kumi na saba. (Nimepitisha mistari mitano. Nitamwambia.)

Alhamisi, 14 Februari

Nimelala hadi saa tano asubuhi kwa sababu ya ungo mmoja wa maharage.

Jumatano, 20 Februari

Mpango ni huu. Kila Jumatano nitachukua kilo mbili za maharage ya kituo, nichambue nyumbani, kwenye kelele ya nyumbani, kisha nirudishe maharage pamoja na mawe ndani ya kopo. Kituoni pana utulivu mno, anasema, na uwanja hauna utulivu. Nikileta arobaini, ataniruhusu kukimbia. Arobaini tena, mazoezi ya mpira bila kugusana. Arobaini tena, kugusana. Arobaini ya mwisho atatia saini, nami nitacheza fainali tarehe 27 Aprili. Bila saini hiyo shirikisho halinipokei. Nilimpigia hesabu mbele yake kwa vidole. Hakutabasamu. Alisema, "Mawe hayajui tarehe."

Napenda anavyosema.

Jumatano, 27 Februari

Ishirini na nne. Mama yuko Rumonge kwenye matanga ya shangazi, hivyo nilikuwa peke yangu, kimya kabisa, na bado ishirini na nne.

Jumamosi, 2 Machi

Milio ya mabomu kutoka milimani juu yetu, tangu saa nane hadi saa kumi. Musaga nzima, mtaa wetu, ilikaa chini ya vitanda. Zamani nilikuwa nahesabu mapigo ili nisiogope. Leo kila pigo lilipita ndani ya kichwa kama mlango unaobamizwa, na nilishindwa kuhesabu zaidi ya sita.

Jumatatu, 4 Machi

Mama amerudi. Nyumba ina harufu ya nyumba.

Jumatano, 6 Machi

Thelathini na tisa!

Mama Marguerite alihesabu mara mbili, akimwaga mawe juu ya meza na kuyapanga matano matano. Aliangalia kadi yangu, ishirini na nne, kisha akaniangalia mimi. "Umepanda mbio," alisema. Nilimwambia nimelala vizuri. Akanionyesha jinsi ya kupika chai huku nikijibu maswali yake, ili kichwa kizoee kushika vitu viwili. Nikatia chumvi. Tukaicheka sote, na mwalimu Honoré akainywa yote ili nisione aibu.

Jumatano, 13 Machi

Arobaini. Nimeruhusiwa kukimbia, polepole, dakika kumi.

Alhamisi, 14 Machi

Nimekimbia hadi barabara kuu na kurudi. Mama alisimama mlangoni akiwa na taulo. Kichwa kidogo tu. Ni jua.

Jumatano, 20 Machi

Arobaini. Kuna kitu nataka kuandika juu ya Mama Marguerite kabla sijasahau.

Leo alikuja msichana wa mpira wa mikono, amegongwa wiki iliyopita, baba yake nyuma yake amekunja mikono. Baba alisema, "Mupe dawa aende." Mama Marguerite hakubishana. Alimwambia yule msichana aende sokoni, hatua mia mbili, anunue vitu sita bila karatasi, na akamwomba baba amfuate bila kusema neno. Walirudi baada ya nusu saa. Msichana alikuwa na nyanya na sabuni, na alikuwa analia. Baba alikuwa ameikunjua mikono. Mama Marguerite alipokea nyanya akasema, "Nzuri. Hizi tutazipika," akamkalisha baba ili akate vitunguu. Mzee yule alikata vitunguu, na macho yake yakapata kisingizio.

Hakumwambia hata neno moja la kitabibu. Nimesoma miaka kumi na tano na sijui kusema kitu kwa namna hiyo.

Ijumaa, 22 Machi

Mazoezi na timu, bila kugusana. Kocha Callixte alipiga makofi nilipoingia. Chanelle, ambaye anashika nafasi yangu, alinirushia mpira kifuani: "Shika ofisi yako, patronne. Mi nimechoka kukuchungia kiti." Anaichunga vizuri kuliko anavyosema. Nilikosa kumwona mtu upande wa kulia mara tatu. Ni mvua, saruji iling'aa.

Jumapili, 31 Machi

Pasaka. Maharage, ndizi, samaki wa mukeke. Mama aliimba kanisani. Nilitoka katikati kwa sababu ya ngoma. Ntaco.

Jumatano, 3 Aprili

Sikwenda. Barabara ya Musaga imefungwa na wanajeshi.

Jumatano, 10 Aprili

Arobaini. Kugusana kumeruhusiwa. Mama Marguerite alishika kalamu muda mrefu kabla ya kuandika. "Na nyumbani, unavaa namna gani viatu? Umekaa ama umesimama?"

"Nimesimama," nilijibu. Naketi. Kiwiko ukutani pia.

Kwa nini nilisema uongo huo mdogo? Kwa sababu nina arobaini. Nilifikiri mawe yamekwisha kujibu.

Ijumaa, 19 Aprili

Mvua imebeba ukuta wa jirani. Mazoezi makali. Chanelle alinigonga bega, dunia ikaenda kushoto, ikarudi. Siku nane.

Jumanne, 23 Aprili

Leo mistari mitano haitoshi, na sitaomba ruhusa.

Nilichambua maharage mchana, dakika ishirini, redio wazi. Nikatia mawe kwenye kopo bila kuyahesabu, kama tulivyokubaliana, kwa sababu anayehesabu ni Mama Marguerite. Nikaacha ungo na kopo juu ya meza, nikaenda mazoezini. Tulikuwa hatujamaliza kujinyoosha, milio ikaanza upande wa juu, Kocha akatutawanya. Nikarudi nyumbani mapema kwa saa nzima.

Mama alikuwa ameketi mkekani uani, chini ya bati, miguu ameinyoosha, ungo mapajani. Ungo wangu. Vidole vyake vilikuwa vinakwenda kama vya mtu anayesuka. Kando yake kopo langu. Aliokota kitu, akakiangalia kwenye mwanga, akakidondosha ndani ya kopo. *Tik.*

Nilisimama pale na begi begani. *Tik*, tena.

"Mama, unafanya nini?"

"Ee, umerudi? Ninamalizia. Ulisahau kidogo."

"Nilisahau mangapi?"

"Sijue, mwanangu. Kumi. Kumi na moya. Kuna mengine yanafanana sana."

"Na wiki iliyopita?"

"Kila wiki napitisha macho." Alianza kuona uso wangu. "Ni nini? Nimeharibu?"

Nilikaa chini, matopeni, si mkekani. Nikamweleza mambo ambayo kwa wiki kumi sikuwahi kumweleza, kwa sababu nilikuwa naona aibu kwamba tiba yangu ni kazi ya jikoni: kwamba mawe yanatiwa kwa makusudi. Kwamba yanahesabiwa. Kwamba yale ninayoyaacha ndiyo ugonjwa wenyewe.

Mama aliweka mkono mdomoni. Kisha alikasirika, kama anavyokasirika akiogopa.

"Na we hukusema! Mi ningejua vipi? Hii ni maharagi ya watu. Inaenda kupikwa kule, wagonjwa watakula. Mi nirudishe maharagi ya watu na mawe ndani? Mutu avunje jino, aulize: ni nani alichambua? Ni Elvire. Elvire wa nani? Wa Joséphine. Watasema mama yake hakumufundisha kitu!"

Ni kweli. Hakuna mama hata mmoja mtaani kwetu ambaye angerudisha maharage ya watu yakiwa na mawe. Mama Marguerite mwenye akili zote zile hakuliona hilo, wala mimi niliyezaliwa na huyu mwanamke.

Milio ilikuwa imekoma na mvua ikaanza juu ya bati.

"Sasa utacheza ama hautacheza?" aliuliza.

"Kopo lina arobaini?"

Akalimwaga kwenye kanga yake, tukahesabu pamoja. Thelathini na tisa. Akapitisha vidole kwenye ungo mara moja, bila kutafuta, akaokota la arobaini, akanipa mkononi. Lilikuwa la uvuguvugu. Hakusema nifanye nini. Afadhali angesema.

Hakuna anayejua ila sisi wawili. Naandika hivyo ili nione linavyokaa kwenye karatasi. Kesho ni saini.

Jumatano, 24 Aprili

Nilifika nimelowa. Njiani nilikuwa nimekwisha kuamua mara tatu, na mara zote tatu uamuzi haukuwa ule ule.

Mama Marguerite alimwaga kopo, akapanga matano matano. Safu nane. Aliangalia safu hizo kama mtu anayeangalia chakula alichokipika mwenyewe. Alifungua kadi, akachukua kalamu. Nilitazama mikono yake. Nilifikiria watu wote ambao mikono ile imewafundisha upya kufunga kifungo, na kwamba sasa ilikuwa inataka kuandika uongo, na kwamba uongo huo ni wangu.

"Mama Marguerite, usiandike."

Kalamu ikasimama.

"Mawe haya ni ya mama. Anapitia nyuma yangu. Hakujua. Jana nimemkuta."

Mwalimu Honoré, aliyekuwa kwenye ubao wa vifungo, aliacha kifungo. Nilingoja kugombezwa, na nilitaka nigombezwe, ingekuwa rahisi zaidi. Mama Marguerite aliweka kalamu chini. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, na machozi yalikuwapo pia.

"Mama yako anatokea wapi?"

"Buyenzi."

"Na mi Bukavu. Hata mama yangu mi asingerudisha maharagi namna ile! Miaka kumi na mbili ya kazi, mutoto wangu, nimesahau kwamba maharagi iko na mama ndani." Akafuta macho, akawa si wa kucheka tena. "Wiki saba nimepima nyumba nzima, sikukupima wewe. Nilikutia uwanjani watu wakugonge. Kosa ni la kwangu, na nitaliandika mu kadi na jina langu."

"Kosa ni langu. Niliumwa, sikusema."

"Hilo nalo ni lako," alisema. "Nitaliandika pia."

Kisha aliniwekea ungo. Dakika ishirini, redio wazi, mwalimu Honoré akiimba vibaya kwa makusudi. Nilitoa mawe ishirini na tisa.

"Ishirini na tisa si mbaya," alisema. "Februari ulitoka kumi na saba. Sasa najua uko wapi, naweza kukufuata."

Hakutia saini. Nilirudi nyumbani na kulala nikiwa na viatu.

Alhamisi, 25 Aprili

Kocha Callixte: "Kwa sababu ya maharagi? Elvire, fainali, kwa sababu ya *maharagi*?" Alitaka kunipeleka kwa daktari mwingine ambaye anatia saini haraka. Nilisema hapana. Alisema sina moyo. Miezi mitatu iliyopita ningelia. Leo niliona tu mtu anayeogopa kushindwa, na nikamhurumia kidogo, na nikamchukia kidogo.

Ijumaa, 26 Aprili

Mvua. Chanelle amekuja kuchukua jezi namba saba. Alibusu begi langu mlangoni kwa utani, kama sanamu ya mtakatifu.

Jumapili, 28 Aprili

Tulishindwa, 51 kwa 48. Nimelala siku nzima ndipo nikaweza kuandika.

Mama Marguerite alikuwa amenipa kazi: kukaa benchi, kugawa maji, na kuangalia miguu ya wenzangu, si mpira. "Mpira utakuchosha. Miguu inasema." Yeye mwenyewe alikaa jukwaani, mwavuli magotini, viatu vya kanisani.

Dakika tano kabla ya mwisho, tukiongoza kwa pointi nne, Chanelle aliingia kwenye msitu wa viwiko akatoka upande wa pili ameketi. Sauti ya kichwa kwenye saruji naijua. Nimeisikia kutoka ndani. Alisimama haraka. Kocha alipiga kelele kutoka ukingoni, "Chanelle! Sawa?"

"Ntaco!" alijibu, amenyoosha kidole gumba.

Kila mtu aliridhika. Mwamuzi akawa na filimbi mdomoni. Mimi niliangalia miguu. Mguu wa kushoto ulikuwa unatafuta ardhi.

Sikumbuki kusimama. Nilikuwa tayari uwanjani, nimepiga goti mbele yake. Sikumwuliza chochote. Nilisema, "Chanelle, kamba ya kiatu chako imelegea. Ifunge."

Haikuwa imelegea. Aliinama, akaifungua, kwa utii ambao si wake. Akashika ncha mbili. Akatengeneza kitanzi kimoja. Kisha vidole vikasimama. Alikitazama kile kitanzi kama kitu alichokiokota njiani.

"Elvire," alisema polepole, "hii inaendelea aje?"

Nikaishika mikono yake. Kocha alikuwa amefika juu yetu. "Asimame. Dakika tano tu. Chanelle, simama!"

"Asisimame," nilisema.

Kocha aliangalia jukwaani, kwa Mama Marguerite, akitafuta mtu mzima wa kubishana naye. Nami niliangalia. Mama Marguerite alikuwa anatuona vizuri kabisa. Hakutikisa kichwa, hakuinuka. Aliuhamisha mwavuli kutoka goti moja hadi lingine, akaendelea kunitazama kama alivyomtazama yule baba na vitunguu. Alikuwa ameniachia.

Nilimwambia Kocha, "Mwangalie anavyofunga kiatu. Usiniangalie mimi."

Akaangalia. Chanelle alijaribu tena. Kitanzi kimoja. Aliketi na kitanzi kile mkononi, watu mia tatu wakipiga kelele. Sekunde ngapi, sijui. Kisha Kocha Callixte akavua koti lake, akamfunika mabega, akamwita mchezaji wa akiba. Hakunisemesha hadi mwisho, na baada ya mwisho pia.

Jumatano, 1 Mei

Siku ya wafanyakazi, kituo kimefungwa, lakini Mama Marguerite alitufungulia. Chanelle alikuja na miwani ya jua ya kaka yake.

"Weye mwizi," aliniambia. "Umeniibia kombe."

"Funga kiatu tuone."

"Kesho." Akakaa mbele ya ungo. Aliyachambua kwa hasira, akatoa mawe kumi na mbili, akalala hapo hapo mezani, shavu juu ya maharage.

Jumatano, 8 Mei

Thelathini na tatu, kituoni, mbele ya macho ya Mama Marguerite.

Nilimwuliza kwa nini hakuteremka siku ile. Alikuwa anaosha sufuria. Alisema, "Ningeteremka, ungejifunza kuniita." Akanipa sufuria nikaushe.

Ana mpango mpya. Kopo limekwisha. Sasa nitachambua maharage ya nyumbani, yale tutakayokula sisi wenyewe, na yeye atatia mawe yake humo. Mama haruhusiwi kugusa. Yatakayobaki, meno yatayahesabu.

Ijumaa, 10 Mei

Mama aliketi mlangoni nikichambua, mikono ameikalia. Kweli ameikalia, chini ya mapaja. "Naliona moya," alisema. "Mama!" "Sijasema liko wapi."

Mezani, mawe manne. Baba mdogo alikuwa mgeni wetu, akatafuna la kwanza. Mama alikufa kwa aibu, akaongeza mchuzi.

Jumanne, 14 Mei

Mawili. Nimesoma kurasa sita za mikataba.

Jumapili, 19 Mei

Matatu. Milio usiku. Nimechoka. Nimemwambia mama kwamba kichwa kinauma. Alisimama katikati ya chumba kwa mshangao, kama mtu aliyepewa zawadi asiyojua pa kuiweka. Kisha akaniletea maji.

Ijumaa, 24 Mei

Hakuna mvua siku ya tano. Vumbi la kwanza. Nimekimbia dakika ishirini, kichwa kimya. Nilivaa viatu nimesimama.

Kocha Callixte amemtuma mtu kituoni: anaomba Mama Marguerite aje kuwafundisha makocha wa ligi jambo la kamba za viatu. Mama Marguerite amesema atakwenda pamoja na mimi na Chanelle, ili tueleze sisi.

Jumatano, 29 Mei

Jioni tulikula mapema, kabla ya amri ya kutotoka nje. Maharage, ugali, mboga za lengalenga. Nilikuwa nimechambua redio ikiwa wazi, watoto wa jirani wakigombana, na Chanelle akinisimulia habari za mchumba wake. Mama Marguerite alikuwa ametia kumi na matano. Tulikula polepole, sote watatu, kama watu wanaosikiliza. Chanelle alimaliza sahani yake bila kutafuna jiwe. Mimi nikamaliza yangu.

Mama alifika tonge la mwisho. Akatafuna. *Tik.*

Zamani angelimeza kuliko kuniaibisha. Alilitoa kwa vidole viwili, akalipangusa kwa kanga, akanyoosha mkono juu ya meza, akaliweka kwenye ukingo wa sahani yangu, mahali nitakapoliona.

"Moya," alisema.

Nimeliandika.